Tulimtanguliza Mzee

Kila baada ya swala ya Ijumaa, Bibi mmoja wa hapa Kichiwa hutusubiri nje ya msikiti, upande wa mlango wa kina mama, na kutuuliza swali lilelile: "Katibu, wameshafungua?" Nasi humjibu kuwa bado. Tumeona ni wajibu kueleza katika ukurasa huu wa familia asili ya swali hilo, kwa kuwa sehemu ya jibu lake inatuhusu sisi wenyewe.

Mwezi Juni mwaka jana, binti yake aishiye Ohio, Marekani, alileta habari kuwa ni mjamzito baada ya miaka tisa ya ndoa. Akaomba wazazi wake waende. Nauli iliyopatikana ilikuwa ya mtu mmoja. Ya pili ingetafutwa baadaye. Familia ikaja kutaka ushauri kwa kamati, na kama ilivyo ada ya miji midogo, aliyesoma kidogo ndiye mufti, ndiye mwanasheria, ndiye wakala wa safari. Kazi ikatuangukia sisi.

Tulizipekua kanuni. Kwa miaka mingi, waombaji wa viza ya muda ya Marekani walio chini ya miaka 14, na wale waliovuka 79, kwa kawaida walisamehewa usaili wa ana kwa ana. Mzee, kwa mujibu wa pasi yake, alizaliwa Januari 1, 1944 (wazee wetu wengi walizaliwa Januari mosi, ukiwauliza makarani). Bibi ana miaka 73. Hesabu ikawa nyepesi: Mzee hatalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kuhojiwa, Bibi atalazimika. Basi atangulie Mzee, na Bibi afuate mwaka mpya. Tukaongeza na hoja ya mwanamke kusafiri bila maharimu. Tunajua vyema kwamba wanazuoni wamekhitalifiana katika suala hilo pale njia inapokuwa ya amani. Leo tunakiri kuwa hatukuileta hoja ile kwa ajili ya fiqhi. Tuliileta kwa sababu ilitupunguzia kazi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, wanangu. Lakini mtoto ataogeshwa na nani?" Tulicheka. Hatukumjibu.

Mwishoni mwa Julai Marekani ikatangaza kwamba kuanzia Septemba 2, 2025 msamaha ule wa umri unaondolewa. Mtoto mchanga na kikongwe, wote kwa jumla wafike dirishani. Waliobakizwa katika msamaha ni wachache, kama wanadiplomasia, na baadhi ya wanaohuisha viza ya matembezi kabla haijapita miezi 12 tangu kuisha kwake. Siku chache baada ya hapo likaja agizo la pili, kwamba mwombaji aende kuhojiwa katika nchi ya uraia wake au ya makazi yake. Habari hizo zilitufikia katikati ya Septemba, fomu ikiwa imekwisha kujazwa na dola 185 zimekwisha kulipwa. Za mtu mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kurekebisha. Sababu yote ya kuwatenganisha wazee wale ilikuwa imeondoka, kwani sasa wote wawili walipaswa kuhojiwa, na safari ya Dar es Salaam ingekuwa moja. Nauli ya ndege ingengoja. Viza ya Bibi ingeombwa pamoja na ya mumewe. Lakini kusema hivyo kulitaka tuirudie familia, tukiri kuwa hesabu yetu imeharibika, na tuwaombe watafute ada nyingine. Tuliona haya. Tukawaambia tu kwamba kanuni imebadilika na kwamba sisi wenyewe tutamsindikiza Mzee.

Tulipanda basi Makambako wiki ya pili ya Oktoba, jioni. Goti la Mzee lilivimba kabla hatujafika Iringa, na tulipoteremka Kitonga alikuwa akisoma nyiradi kwa sauti, hatukujua kama ni kwa maumivu au kwa zile kona. Usaili wenyewe haukufikia muda wa kunywa kikombe cha chai. Alituhadithia kuwa alianza kwa kuamkia "Kamwene", kwa mazoea, kisha akaulizwa kwa Kiswahili kwa nini atarudi. "Nikawaambia mke wangu yuko Kichiwa. Nitakaa wapi mimi bila yeye?" Alhamdulillahi, akapewa viza. Huenda jibu lile ndilo lililomsaidia. Tumelifikiria mara nyingi tangu siku ile.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kuanzia Oktoba 23 Watanzania wanaoomba viza ya matembezi au ya biashara waliingizwa katika utaratibu wa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, ambayo mwenyewe hurudishiwa akiondoka kwa wakati. Hiyo ya chini kabisa ni zaidi ya shilingi milioni 12. Desemba 16 likatolewa tangazo la rais wa Marekani, na tangu Januari 1, 2026 utoaji wa viza za matembezi na za masomo kwa Watanzania umesimamishwa, isipokuwa kwa wachache waliotajwa humo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na akapewa jina la bibi yake. Mzee alimwadhinia. Kwenye simu ya picha tumemwona akimbeba kama mtu abebaye tenga la mayai, na Bibi huku Kichiwa akipaza sauti, "Shika shingo! Shika shingo!"

Ijumaa iliyopita hatukungoja atuulize. Tulimfuata, tukamweleza habari ya Septemba, kwamba tulijua na tukanyamaza. Aliitazama barabara kwa muda, akakaza khanga yake kiunoni.

"Ningezikopa hizo pesa, mwanangu," akasema. Kisha akauliza kama wameshafungua.