TF, TT: Kongwa Ilivyojifunza Kuliandika Jicho

Kwa anayetaka kujua vifupisho vya kitabibu hufundishwaje vikaeleweka, historia ya vikope wilayani Kongwa, Tanzania, inafaa kuliko orodha yoyote ya kukariri. Ugonjwa huo, trakoma kwa jina la vitabuni, ulizoeleka sana katika vijiji vya Wagogo: nchi kavu, zizi la ng'ombe jirani na nyumba, maji ya kufuatwa mbali, nzi kwenye nyuso za watoto. Kilichobadilika mapema kuliko ugonjwa wenyewe ni namna ya kuuandika. Mpango wa MacCallan, uliozaliwa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, uliugawa ugonjwa katika hatua nne, na ya pili nayo ikakatwa vipande. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likaleta herufi F, P na C, yaani vijipele, uvimbe na makovu, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Ulikuwa uandishi wa mabingwa wa macho, na bingwa wa macho hakuwa mtu wa kukutwa kwenye zahanati ya kijiji.

Mageuzi yalikuja 1987, ishara zilipobaki tano tu: TF, TI, TS (makovu ya utando wa ndani), TT na CO (ukungu kwenye kioo cha jicho). Kati ya walioziandaa walikuwamo Hugh Taylor na Sheila West, ambao miaka hiyohiyo walikuwa wakiufanyia utafiti ugonjwa huu Kongwa. Watu husifu ufupi wake. Mimi nasema ufupi haukuwa kitu. Hata herufi zile za zamani zilikuwa fupi. Jipya ni kwamba kila kifupisho sasa kilifungwa kwenye kitu kinachoonekana, na baadhi pia kwenye kazi ya kufanya. Mpimaji huvaa miwani ya kukuza mara 2.5, hushika kope za mtoto taratibu na kukipindua kigubiko cha juu cha jicho, kisha humulika tochi. Akiona vijipele vitano au zaidi katikati ya utando wa ndani, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, anaandika TF. Vikiwa vinne, haandiki. Uvimbe ukifunika zaidi ya nusu ya mishipa ya damu ya utando huo, ni TI. Kope moja inayosugua jicho yatosha kuwa TT, na hata iliyong'olewa karibuni huhesabiwa, maana wagonjwa wengi, hasa akina mama, hujing'olea kwa kibano ili wapate nafuu. Ishara isiyoonekana waziwazi haiandikwi kabisa. Kisha TF na TI zinadai dawa, TT inadai upasuaji. Mwanafunzi anayejifunza hivyo hakariri herufi. Anajifunza kutazama, na herufi zinamfuata.

Kuna wanaopinga kwamba urahisi huu unadanganya. Hawakosei kabisa: vijipele huweza kubaki miezi mingi baada ya vimelea kwisha, kwa hiyo TF si sawa na maambukizi. Lakini alama hizi zilikusudiwa hasa kuamua la kufanya kwa jamii, si kutoa hukumu ya maabara kwa mtoto mmoja. TF ikifika asilimia 10 ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, wilaya nzima hupewa dawa. Bila herufi ambayo wapimaji wawili wanaisoma sawa, asilimia hiyo isingekuwa na maana yoyote. Hata jaribio la kunawisha watoto uso lililofanyika Kongwa, matokeo yake yakachapishwa 1995, lilisimama juu ya alama hizi: vijiji vyote vilipewa dawa ya macho, baadhi vikaongezewa uhamasishaji wa kunawa, na humo ndimo vikope vikali vilimopungua zaidi. Leo usafi wa uso ni nguzo moja ya mkakati wa dunia, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira.

Pingamizi zito zaidi ni la mkanganyiko. TT hiyohiyo, kwenye kadi ya mjamzito, ni chanjo ya pepopunda. OD kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Kwa mwandika dawa ni mara moja kwa siku, na mtu aweza kujikuta akitia dawa mahali pasipo pake. Wapo wanaotaka vifupisho vyote vifutwe. Sikubaliani nao kwa zile alama zinazobaki kwenye rejesta, ambako safu yenyewe inaeleza TT ni ipi. Ila ninakubaliana nao kabisa kwa kile kinachotoka nje ya dirisha la dawa. Bahasha iliyoandikwa 1×3 haimwambii mgonjwa kama ni asubuhi, mchana na jioni au kila baada ya saa nane, na hapo hakuna safu ya kumsaidia; aandikiwe maneno. Nao watunza rejesta wasidhani kazi imekwisha. Kufuatia mkutano wa wataalamu wa 2018, TT imewekewa mpaka mpya: sasa zinahesabiwa kope za kigubiko cha juu peke yake. Anayelinganisha jumla za Kongwa za miaka ya 1990 na za leo inabidi kwanza aulize kama kope za chini zilihesabiwa.