Ghorofa ambayo hatujaijenga

Nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu ipo Ngamiani, Tanga: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani mnazi mmoja. Siku ya kuzungumza mirathi, ndugu wote tulikubaliana isiuzwe. Lakini mdogo wetu alikuwa anakaribia kuoa, na mama hakutaka aende kupanga mbali naye. Ikapatikana rai iliyotufurahisha sote: tupandishe ghorofa moja juu.

Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa ngumi mara mbili, akasema utabeba. Siku ile hilo lilitutosha. Tukanunua matofali 800, tukayapanga uani. Neno kibali lilipotajwa, mmoja wetu alisema kibali ni cha wanaojenga viwanja vipya, sisi tupo kwetu. Waliobaki tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ndiyo kuafiki.

Aliyetuzuia ni shangazi. Yeye alikuwa akiishi jirani na Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Ijumaa ile ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa bado linajengwa lilipoporomoka na kuua watu 36. Kando yake watoto walikuwa wakicheza mpira. Baadaye ilielezwa kwamba ghorofa zilizopandishwa zilizidi zile zilizoandikwa katika kibali. Shangazi hakutusimulia mengi. Alituuliza tu:

“Ukuta mmeugonga, wanangu. Msingi nani kauona?”

Kwa haya tukamwita mhandisi. Huyu ukuta hakuugusa. Aliagiza lichimbwe shimo pembeni mwa nyumba. Msingi ulikoma kabla shimo halijafika magotini: mawe na chokaa, bila nondo hata moja. Baba alijenga nyumba ya kubeba paa la bati, na kwa kazi hiyo, mhandisi alisema, ni imara bado. Ghorofa ni mzigo mwingine kabisa.

Tulikuwa tukidhani kibali ni jina jingine la ushuru. Kumbe masharti yake ni swali la shangazi lililoandikwa kwa lugha ya ofisini. Ramani ya msanifu huonyesha vyumba na madirisha. Ya mhandisi huonyesha uzito unavyoshuka kutoka juu, kupitia nguzo, hadi ardhini. Mkaguzi naye hutakiwa afike nondo zikiwa bado wazi, kwani zege likishamwagwa, aliyepunguza nondo na aliyezitimiza hawatofautiki kwa macho. Hayo si ya viwanja vipya pekee. Anayeongeza juu ya nyumba ya zamani naye yanamhusu, na pengine yeye zaidi.

Tulikwama mahali ambapo hatukupatarajia. Hati ya kiwanja ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Miaka saba tulikuwa tumekaa humo tukijiita warithi bila kulikamilisha hilo, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe.

Ndoa ilifungwa baada ya Iddi. Maharusi tumewapa chumba cha baba, kile chenye dirisha la barabarani, na mama amehamia cha nyuma. Asema huko kuna upepo. Jina katika hati limeshabadilishwa. Mhandisi anachora nguzo mpya zitakazosimama juu ya misingi yake zenyewe, nje ya kuta za zamani. Matofali yangali uani, na wajukuu wameyafanya duka.