Taa 202 za Los Angeles na moja ya chuo chetu

Mtumishi wa serikali apelekwapo ng'ambo hutazamiwa arudi na habari za viwanda, madaraja na majumba marefu. Mimi nimerudi Uganda na habari za nguzo za taa. Nacheka mwenyewe niandikapo maneno haya, lakini nguzo hizo ndizo zilizoninyima usingizi katika wiki tatu nilizokaa Los Angeles, nchini Marekani, nikihudhuria kozi fupi ya utunzaji wa mali ya umma.

Jioni ya nne mwenzangu mmoja wa kozi aliniambia kuwa asiyeiona Wilshire Boulevard wakati wa magharibi hajafika katika mji ule. Tukapanda basi. Tulishuka mbele ya makumbusho makubwa ya sanaa, yajulikanayo kwa kifupi kama LACMA, na hapo kando ya barabara nikaona nguzo za taa zimesimama kwa safu, zimekaribiana kama mikalitusi ya shamba la serikali. Zilikuwa 202. Zote zilikuwa za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, zimetiwa nakshi za maua, majani na michirizi, na zimepakwa rangi moja ya kijivu. Fupi zilikuwa pembeni na ndefu katikati, hizo ndefu zikikaribia kimo cha mita tisa. Watoto walikuwa wakijificha na kutafutana baina yake, na bibi arusi mmoja aliyeshikilia pindo la vazi lake alikuwa akipigwa picha. Jua likazama, na matufe ya kioo yakawaka yote.

Sikuwahi kudhani kuwa nguzo ya taa yaweza kumfanya mtu anyamaze. Mwenzangu, ambaye ni msemaji sana, naye alinyamaza.

Aliyezikusanya ni msanii Chris Burden, aliyezaliwa mwaka 1946 na kufariki mwaka 2015. Katika ujana wake mtu huyu alijulikana kwa mambo ya kutisha. Mwaka 1971 alimwambia rafiki yake ampige risasi ya mkono mbele ya watazamaji, akaiita kazi hiyo sanaa. Sitaingia katika mjadala huo. Lakini mwezi Desemba 2000 alikwenda katika gulio la vitu vikuukuu lifanyikalo katika uwanja wa Rose Bowl, mjini Pasadena, akaona nguzo mbili za zamani zikiuzwa. Akapatana bei, akalipa dola 800 kwa kila moja, akazichukua, ingawa hakuwa na shughuli yoyote ya kuzifanyia. Wakusanyaji wote, nimekuja kuelewa, huanza hivyo hivyo. Baada ya hapo alitafuta nyingine, na nyingine tena, kwa muda wa miaka saba. Nyingi zilitoka katika barabara za kusini mwa California, zilikosimamishwa katika miaka ya 1920 na 1930. Zilikuja na kutu, nyingine zikiwa vipande vipande. Zikapulizwa mchanga kwa nguvu ya hewa ili kutu itoke, zikaunganishwa, zikapakwa rangi, zikatiwa nyaya mpya. Mwezi Februari 2008 zikawashwa mahali zilipo sasa, na kazi hiyo ikapewa jina la Urban Light.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mji mmoja uwe na nguzo za namna nyingi hivyo. Sababu yake ni biashara ya ardhi. Los Angeles iliwasha taa zake za kwanza za umeme usiku wa kuamkia mwaka 1883, nazo zilikuwa milingoti saba mirefu mno, kila mmoja ukiwa na kimo cha mita 45 hivi, ikimulika mitaa mizima kutoka juu kama mwezi wa kutengenezwa. Baadaye mji ulipopanuka, kila mwenye kugawa viwanja alitaka mtaa wake upendeze kuliko wa jirani, naye akaagiza nguzo za mtindo wake ili kuwavuta wanunuzi. Mtaa wa matajiri ulipata nguzo yenye mikono miwili na maua ya waridi, na mtaa wa wafanyakazi ulipata nguzo nyembamba yenye tufe moja. Hivyo ndivyo mji ulivyopata mitindo zaidi ya 400, kati ya taa zake zipatazo laki mbili na zaidi. Mtu aliyezijua vizuri angeweza kufumbuliwa macho usiku wa manane akatambua yuko mtaa gani kwa kutazama nguzo tu.

Siku ya Jumapili tulialikwa nyumbani kwa mzee mmoja, fundi wa umeme aliyestaafu, ambaye hukusanya taa za barabarani kama wengine wakusanyavyo stempu. Nguzo hazihitaji sana, kwa kuwa hana mahali pa kuzisimamisha. Yeye hupenda vichwa vya taa. Uani kwake vilipangwa juu ya rafu, na kila kimoja kina kikaratasi kinachosema kilitoka mtaa gani na kiling'olewa mwaka gani. Wakusanyaji wa namna yake wako wengi Marekani na Uingereza. Huvipata vichwa hivyo kwa kuomba au kununua katika maghala ya makampuni ya umeme na kwa wauza vyuma chakavu, kabla havijapondwa.

Aliziwasha kwa zamu ili tuone. Ile ya zebaki ilianza kwa uzito, ikakaa dakika kadhaa kabla ya kukomaa, kisha ikatoa mwanga wa buluu na kijani uliotufanya sote tufanane na wagonjwa. Ile ya sodiamu ya kanieneo ndogo ilitoa manjano matupu, hata shati langu jekundu likawa la rangi ya udongo. Ile ya sodiamu ya kanieneo kubwa, iliyoenea sana baada ya mafuta kupanda bei katika miaka ya 1970, ilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Chini ya kila moja ilisikika choki ikinguruma taratibu. Mzee alisema kuwa mngurumo huo humliwaza.

Alitueleza pia hatari zake, na naziandika hapa kwa kuwa vijana wetu ni mafundi wa kujaribu. Kioo cha nje cha taa ya zebaki kikivunjika, kiini chaweza kuendelea kuwaka na kutoa miale inayounguza ngozi na macho. Tena taa nyingi za kale zilifungwa kwa mfululizo katika waya mmoja, mkondo ukiwa ampea 6.6 na volti zikifikia maelfu, hivyo mtu asijaribu kuichomeka taa ya namna hiyo katika umeme wa nyumbani kabla fundi hajaibadilisha. Siku hizi mzee anapata taa nyingi kuliko anazoweza kuzitunza. Baina ya mwaka 2009 na 2013 mji wake ulibadilisha taa kiasi cha 140,000 na kuweka za LED, ambazo hutumia umeme kidogo. Zebaki nayo inakwisha. Tangu Januari 2008 choki za taa za zebaki haziruhusiwi kutengenezwa wala kuingizwa Marekani. Yeye halalamiki. Alisema taa mpya ni bora, akaongeza kuwa ubora wa mgeni hauwi sababu ya kumzika babu akiwa hai.

Hata huko kwao, hata hivyo, mambo hayaendi sawa daima. Mwaka 1993, baada ya ghasia kubwa za 1992, msanii Sheila Klein alisimamisha nguzo 25 za kale katika uwanja wa magari wa kituo kimoja cha maduka, akakiita kikundi hicho Vermonica. Mwezi Novemba 2017 nguzo hizo ziling'olewa na kuhamishwa bila yeye kuulizwa. Palitokea malalamiko, na mwaka 2020 zikasimamishwa upya mahali pengine. Nilipoisikia habari hiyo nilitikisa kichwa kama watu wengine. Kisha mzee akashusha kutoka rafu ya juu taa moja isiyo na fahari yoyote, sahani ya bati iliyopakwa enameli, nyeupe ndani na kijani nje, na tundu la balbu katikati. Nikaacha kutikisa kichwa.

Taa ya namna ile ndiyo iliyokuwa langoni mwa chuo cha ualimu nilikosomea, magharibi mwa Uganda. Taa za mabweni zilizimwa kwa amri saa nne usiku. Iliyobaki ikiwaka ni ile ya langoni tu, kwa ajili ya ulinzi. Kanuni zilitukataza kutoka bwenini, lakini mlinzi wetu alikuwa na desturi ya kugeukia upande wa barabara tulipofika na madaftari yetu, na hakugeuka tena mpaka tumeondoka. Nilijifunza saikolojia ya mtoto chini ya sahani ile. Mwezi Novemba senene walikuja kwa maelfu, wakaanguka juu ya vitabu, na hapo masomo yaliahirishwa tukajaza vifuko. Cheti changu kina harufu ya senene, ndivyo ninavyowaambia watoto wangu.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi chuoni hapo nikiwa mjumbe wa kamati ya kuhakiki vifaa vilivyochakaa. Katika orodha palikuwa na mstari huu: nguzo ya taa, chuma, moja, mbovu, iuzwe kwa uzito. Niliisoma. Niliitazama nguzo yenyewe kupitia dirishani. Nikatia sahihi, kwa kuwa ilikuwa saa tisa alasiri na tulikuwa na chuo kingine cha kwenda kabla ya giza. Hakuna aliyenilazimisha, na fomu ilikuwa na nafasi ya maoni ambayo niliiacha wazi.

Niliporejea kutoka Marekani, Jumamosi ya kwanza nilimwendea mnunuzi wa vyuma chakavu. Alinionea huruma. Chuma kile, alisema, kilikwisha kwenda tanuruni zamani. Nikaenda kumwamkia yule mlinzi, ambaye sasa amestaafu na anakaa karibu na chuo. Uani kwake, chini ya mgomba, kuku walikuwa wakinywa maji katika sahani ya bati, kijani nje na nyeupe ndani, iliyopinduliwa na kuzibwa tundu kwa kipande cha ndala.

"Mzee, hii si taa ya langoni?"

"Ndiyo hiyo, mwalimu. Walioing'oa nguzo waliitupa, nikaiokota."

Nikamwomba aniuzie. Alinitazama kwa muda mrefu, akidhani pengine ng'ambo kumeniharibu.

"Na kuku watanywea nini?"

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea beseni la plastiki na kilo mbili za sukari, akanipa sahani yake. Mke wangu ameisugua kwa jivu mpaka weupe umerudi, ila pembeni kutu imekula sehemu ya upana wa sarafu. Fundi wa umeme wa mtaani ameikagua, akasema shingo ya kauri inayoshika balbu imepasuka, nazo za kipimo kile haziuzwi tena madukani. Amenishauri nijaribu kwa wauza vitu vikuukuu wa Kampala. Mwisho wa mwezi nitakwenda.