Kucheka Habari na Kujua Habari

Ndugu musomaji, habari za inchi unazipata wapi? Kwa radio, kwa gazeti, ao kwa mutu anayekuchekesha?

Sikukatazi kucheka. Hapa Lubumbashi wazee wanamukumbuka Mufwankolo na kundi lake. Kwa maigizo yao ya Kiswahili walionyesha mambo ya nyumba na ya wakubwa, na hata mutu asiyejua kusoma alifahamu.

Lakini tuangalie Ufaransa. Tangu 1988 mpaka 2018 televizio Canal+ ilikuwa na «Les Guignols de l'info». Sanamu iliyofanana na Patrick Poivre d'Arvor, musomaji wa habari za kweli, ilisoma habari za kuchekesha. Katika uchaguzi wa 1995, sanamu ya Jacques Chirac iliwaambia watu wakule matunda ya pome. Sababu gani? Kitabu chake cha kampeni kilikuwa na picha ya muti wa pome inje. Chirac alishinda, na mpaka leo Wafaransa wengi wanakumbuka pome zile. Lakini uwaulize aliahidi nini ndani ya kitabu!

Huko Marekani, mwaka 2004, wachunguzi wa Pew waliuliza watu. Vijana 21 kwa 100, wa miaka 18 mpaka 29, walisema wanajifunza mara kwa mara mambo ya uchaguzi kwa vipindi vya kuchekesha. Mwaka uleule uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba watazamaji wa «The Daily Show» walijibu maulizo ya uchaguzi vizuri kuliko watu wasiotazama vichekesho vya usiku.

Basi kicheko kinaweza kufungua mulango. Lakini muchekeshaji anaongeza chumvi, ni kazi yake. Kama hujui habari yenyewe, utajuaje nini ni chumvi na nini ni nyama?

Kwetu jambo hili ni la mukate. Telefone inaleta kichekesho juu ya bei ya kobalti. Kijana anakituma kwa rafiki, rafiki anaacha kicheko, anabakisha neno tu. Jioni muchimbaji anaweza kuuza mufuko wake kwa hasara, sababu ya muzaha.

Baba na mama, mucheke pamoja na watoto. Kiisha muwaulize: nani alisema? Alisema lini? Habari yenyewe iko wapi? Na ninyi vijana, kabla ya kutuma, mutafute jibu.