Na Tela Hadi Tunduma

Kabla ya safari ile, malori nilikuwa nayajua yakiwa yamesimama tu. Likiletwa gereji kwetu Tabata, gari linakuta kivuli, taa ya kumulikia na kijana wa kutumwa fyuzi dukani. Dereva mmoja mtu mzima, wa safari za Tunduma, ndiye aliyechoka na mpango huo. Taa za tela lake zilikuwa zikitengenezwa Dar zinawaka, akifika njiani zinazima, na kila trafiki anamwandikia. Akamwambia bosi wangu, "Nipe huyu dogo niende naye." Nikafunga mita, koleo, msasa, soltepu na sweta niliyoambiwa nitaihitaji Makambako.

Mizani ya Vigwaza tulipita salama. Chalinze hali kadhalika, na Morogoro tukala wali maharage taa zote zikiwa nzima. Nilianza kuona nimepewa safari ya bure.

Tulipofika Doma, jua limeshaelemea upande, dereva akaegesha. Mbele yetu kulikuwa na Mikumi, barabara inayokatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na hakuna mtu mwenye akili anayependa kuingia humo jioni na tela lisiloonekana nyuma. Akakanyaga breki, mimi nikasimama nyuma ya tela. Taa za breki zilififia badala ya kung'aa, na taa ndogo zikawaka wekundu hafifu ilhali swichi yake ilikuwa imezimwa.

Taa ikiwaka bila kuwashwa, fundi umeme huanza kuitilia shaka ethi. Umeme ukishapita kwenye balbu unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo ndiyo ethi. Njia yake ikiziba, unazunguka kupitia balbu za jirani. Lakini mzee alitaka kuona mita ikifanya kazi, nami nilitaka kumwonyesha. Nikachomoa plagi ya tela, nikaweka ncha nyekundu kwenye pini namba 4 ya soketi ya kichwa, ambayo ni ya breki, na nyeusi kwenye namba 1, ambayo ni ethi. Akakanyaga: volti 24 na ushei. Nikairudisha plagi upande wa kichwa, nikachomoa mwisho wa pili wa suzi (waya unaounganisha kichwa na tela), ule unaoingia kwenye tela, nikapima hapo pia. 24 zilezile.

"Sasa umeme si upo?" akauliza. "Mbona taa haziwaki?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Mita inakunywa umeme kidogo mno. Waya ukibakiwa na unywele mmoja wa shaba, mita itapata volti zake zote na kuridhika, lakini balbu mbili za wati 21 zinataka karibu ampia 2, na unywele ule hauwezi kuzipitisha. Ndiyo maana wazee wa gereji hawaachi tasta yao yenye balbu: inaonekana ya kizamani, ila inapima huku inakula umeme. Mwenye mita apime taa zikiwa zimewashwa.

Tukaunganisha kila kitu. Ncha moja nikaigusisha kwenye chuma kilichokwanguliwa cha chesisi ya tela, nyingine, kwa waya mrefu, kwenye hasi ya betri. Breki ikiwa imeachwa, sifuri. Alipokanyaga, mita ikaruka hadi 9. Volti 9 zilikuwa zinapotea kwenye njia ya kurudi, mahali ambapo hata nusu volti ningeilalamikia.

Nikalichomoa suzi lote, maana mlio wa mita haupimwi kwenye waya wenye umeme. Nikaigeuza mita kwenye mlio, namba 1 kwa namba 1. Ililia. Nikamwomba mzee aushike waya shingoni, pale unapoingia kwenye plagi, aupinde taratibu huku na huku. Mlio ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kila kona lori linapokata, suzi linavutwa, na linavutwa zaidi hapo shingoni. Gerejini huwa limelala limelegea, kila kitu kinagusana.

Tulipoifungua plagi, waya wa ethi ulikuwa umeota kutu ya kijani na nyuzi zake nyingi zimekatika ndani ya plastiki yake. Wala haukuwa mweupe kama unavyotakiwa. Gari lililopita mikono mingi huvishwa rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo, kwa hiyo mimi nasoma namba zilizochorwa kwenye plagi, tena kwa kuinamia, kwa sababu ukiitazama kwa nyuma mpangilio wake unageuka. Nikakata hadi kwenye shaba safi, nikapiga msasa pini, nikakaza skrubu, nikapaka grisi. Mita ikasoma 0.3 breki zikiwa zimekanyagwa.

Mikumi tuliivuka polepole, vibao vya mwendo vikituamuru, nyani wamekaa pembeni mwa lami. Ruaha Mbuyuni mzee alinunua vitunguu, na Kitonga ikatupandisha kwa gia ndogo, kona kwa kona. Kila suzi lilipovutika nilichungulia kwenye kioo. Taa zilikaa.

Tunduma tulikuta foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mzee alishanitaja kwa wenzake, kwa hiyo sikukaa. Dereva wa nyuma yetu akaja: akiwasha indiketa ya kulia, tela linaonyesha kushoto.

"Ilianza lini?"

"Tangu walipobadilisha plagi."

Nikamwambia aifungue tuangalie namba 3 na namba 5.