Saa ya Simu ya Mamako Mkubwa

Mwanangu mpenzi,

Huku Lamu sote hatujambo, vuli imekwisha na kaskazi imeanza kuvuma. Nashukuru kusikia kuwa hapo Liwatoni nyote mu wazima na kwamba mamako mkubwa anapanda ngazi mwenyewe tena.

Nimeisoma habari ya simu ya sebuleni zaidi ya mara moja. Unasema kila usiku unairekebisha saa, na kesho yake ukiitazama imerudi nyuma. Unasema pia wengine nyumbani wanataka itupwe inunuliwe nyingine. Nakuomba uwazuie kwanza. Simu mpya ukiichomeka kwenye waya ule ule huenda nayo ikakosea vile vile, na pesa zitakuwa zimekwenda.

Tena jambo hili si dogo kama wanavyolidhani. Umeniandikia kwamba mamako mkubwa, dadangu, aliamka akakuta kwenye kioo kuwa mwanawe wa Muscat alipiga saa nane na dakika kumi usiku, akashinda kutwa hali chakula, kwa sababu simu ya saa nane usiku haiji kwa heri. Kumbe kijana alipiga saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ya Mombasa, kwao imekwisha kuwa saa kumi na mbili na dakika kumi, anajitayarisha kwenda kazini. Mwanamke wa umri wake, mwenye presha, hafai kutiwa hofu na tarakimu.

Nilifanya kazi ya simu tangu ujana wangu mpaka Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1999, na baadaye nikawa natengenezea watu majumbani. Katika saa iliyokosea, kitu cha kwanza nilichokuwa nikiuliza ni imekosea kwa kiasi gani na imekosea lini. Fundi anayekimbilia vitufe kabla ya kuuliza hayo atabaki kurudi nyumba ile ile.

Ikiwa saa imekwenda pembeni kwa dakika chache baada ya wiki kadhaa, hiyo ni saa ya ndani ya simu kwenda mwendo wake, irekebishe tu. Ikiwa inaanza upya kila stima inapopotea, basi kitako cha simu hakina akiba, au betri za mkonga zimechoka. Hapo kwenu, karibu na bandari ya wavuvi na maji ya Kilindini, hewa ya chumvi hula vyuma. Geuza mkonga, fungua kifuniko, utazame vile vyuma vinavyogusa betri. Ukiona ukungu wa kijani, toa betri, ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, uache pakauke kabisa ndipo urudishe. Na ukinunua betri mpya, ziwe za kuchajiwa. Za kawaida zitavuja zikikaa kwenye chaji.

Liko pia kosa la saa sita kamili, nalo nimelikuta nyumba nyingi za pwani. Mzee anatazama jua, ni saa kumi alasiri, anaweka kumi kwenye simu, nayo simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, ilikuwa inataka kumi na sita. Mzee hana kosa, saa yake ni sahihi tangu enzi za mababu. Simu ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ukikuta tofauti ya saa sita, usimkemee mtu, weka tu hesabu ya saa 24.

Lakini la kwenu si hilo. Kwa hesabu hiyo ya saa 24, tofauti ya 2:10 na 5:10 ni saa tatu kamili, na umeandika kuwa ilianza mlipoacha waya wa shaba mkaingia kwenye faiba. Mambo haya mawili yananitosha.

Sikiliza inavyokuwa. Simu inayoonyesha namba ya anayepiga hupokea ujumbe mfupi, mara nyingi kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ndani ya ujumbe huo mna namba, pamoja na mwezi, siku, saa na dakika. Simu nyingi zisizo na waya zimefundishwa kuuamini kuliko zinavyokuamini wewe. Wewe unaweka saa usiku, asubuhi mtu anapiga, simu inafuta ya kwako inashika iliyoletewa. Mwaka haumo katika ujumbe huo, kwa hiyo mwaka utauweka kwa mkono hata mambo mengine yakitengenea.

Hapo nyumbani, wanaosema simu inaleta saa za Muscat waambie sivyo. Muscat wametutangulia kwa saa moja, basi saa ingekwenda mbele, isingerudi nyuma. Halafu muda hauandikwi upande wa mpigaji, huandikwa na mtambo ulio upande wa anayepigiwa. Zamani ulikuwa mtambo wa kituo cha simu. Leo kwenu ni kile kisanduku cha faiba ambacho waya wa simu umechomekwa nyuma yake, na chenyewe huchota saa kwenye intaneti, kwa hesabu ya Greenwich. Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu (wakati wa ukoloni ilipata kuwa saa mbili na dakika 45, nyinyi mmepata hesabu nyepesi). Kisanduku kisichoambiwa kiko Kenya kitakaa na saa za Greenwich, kila simu ikilia kinaipa saa hizo.

Kwa hiyo dawa iko kwenye kisanduku. Chini yake pana kibandiko chenye anwani ya ukurasa wake na neno la siri. Fungua kwa kompyuta iliyo kwenye intaneti ya nyumbani, tafuta mahali pa saa na ukanda wa saa, chagua Nairobi, au GMT+3. Kama pana alama ya kusogeza saa majira ya joto, kama wafanyavyo Uingereza Machi na Oktoba, iondoe, sisi hatusogezi saa. Hifadhi, ukizime kisanduku, ukiwashe.

Ikiwa ukurasa umefungwa, wapigie wenye laini. Usiwaambie "simu yetu mbovu," maana watakutumia mtu aje abadilishe simu. Waambie saa inayokuja pamoja na namba ya mpigaji iko nyuma kwa saa tatu, wasahihishe ukanda wa saa kwenye kifaa. Mtu anayejua kazi yake ataelewa mara moja.

Katika simu yenyewe mna pia mahali pa kuchagua saa iwekwe kwa mkono badala ya kufuata mpigaji. Unaweza kuitumia kwa sasa, lakini usiridhike nayo. Saa ya kiooni itakuwa sawa, ila kwenye simu nyingi orodha ya waliopiga itaendelea kuandikwa saa zilizoletwa, na orodha ndiyo iliyomtisha dadangu. Mpaka litengenee, mwambie yeye mwenyewe, kwa upole na mbele ya kioo, kwamba kila saa ya orodha aongeze tatu. Tembe zake za presha azifuate kwa saa ya ukutani.

Jumamosi baada ya swala ya Alasiri nitapiga kutoka huku. Usiipokee. Iache ilie mara tatu nikate, kisha unisomee kwa simu yako ya mkononi saa iliyo kiooni na iliyo kwenye orodha, zote mbili. Zikiwa sawa na saa ya ukutani, mpe mamako mkubwa mkonga ampigie mwanawe.

Mjombako,
Lamu