Mtanizoea wa Lushoto

Sisi watoto wa mjini tukisikia mbwa, tunawaza geti na kibao cha “Mbwa Mkali”. Nenda milima ya Usambara, utakutana na mbwa mwenye ajira.

Mjomba wangu alilazwa Julai, mkewe yuko naye wodini, ndipo nikatumwa kijijini kumtunza mbwa wao kwa wiki mbili. Kutoka Dar unapita Chalinze, Segera, mpaka Mombo. Hapo unaiacha lami kubwa na kupanda kona kama kilomita 33 hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Baridi ya mwezi huo, fulana yako haifui dafu!

Mbwa mwenyewe ni jike la rangi ya udongo, jina lake Mtanizoea. Wanawake husemezana kwa kanga, wanaume wa huku husemezana kwa majina ya mbwa. Mjomba na jirani yake wanagombea mpaka wa migomba, kwa hiyo ujumbe unafika kila jioni: “Mtanizoea! Njoo ule!” Mlango wa jirani, paaa!

Nikajaribu kumwita kwa mluzi ili nisiwe mchochezi. Aliniangalia kama konda anayedaiwa chenji.

Kazi yake inaanza alfajiri. Ngedere wanashuka kutoka msituni kufuata mahindi, naye anawajua saa zao. Siku ya pili nikaelewa kwamba mimi ndiye ninayepelekwa shamba. Usiku zamu ya nguruwe pori, bibie bado yuko macho. Malipo ni ugali wa dona na dagaa, basi. Mjomba akipiga simu haulizi hali yangu, anauliza, “Amekula?”

Siku ya sita jirani akapiga hodi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kesho bwana mifugo anachanja mbwa pale shuleni. Mpeleke huyo... huyo mbwa wenu. Wajukuu zangu wanapita hapa kila siku kuteka maji.”

Nikaitafuta kadi kwenye kabati. Chanjo ya mwisho ilikuwa imepita mwaka na miezi. Jamani, kichaa cha mbwa hakina masihara. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Dunia ina siku yake ya ugonjwa huu tangu 2007, Septemba 28, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, yule Mfaransa aliyeanzisha chanjo yake mwaka 1885.

Kesho yake uwanja wa shule ulijaa watoto na mbwa, kila mbwa na kamba yake ya katani, maana huu ni mkoa wa Tanga bwana. Vurugu, kubweka, na mmoja kakimbia na kamba.

“Jina la mbwa?” bwana mifugo akauliza huku kashika kalamu.

Nikamtaja, kwa sauti ya chini. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama jirani na dume lake jeusi. Zamu yake ilipofika akaulizwa vilevile. Akanitazama kwanza, ndipo akajibu, foleni nzima ikisikia:

“Hamnibabaishi.”